Je, Wajua? Nembo Isiyo na Unene

Je, wajua kwamba nembo unayoiona kana kwamba imechongwa kwenye ukuta wa mchezo wa kompyuta mara nyingi haina unene hata wa karatasi?

Tuchukue Myst, mchezo wa mafumbo uliotolewa mwaka 1993 na ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller, kupitia kampuni yao ya Cyan. Katika hadithi ya mfululizo huo, watu wa D'ni huandika vitabu vinavyowafikisha kwenye dunia nyingine, ziitwazo Enzi. Kazi imegawanywa kwa vyama vya mafundi: kipo cha waandishi, kipo cha watengeneza wino, na kipo cha wakaguzi, wanaohakikisha Enzi ni salama kabla wengine hawajaingia. Mwaka 2003 ukaja mchezo mwingine wa mfululizo huo, Uru, na mwaka 2011 Cyan ikaweka wazi msimbo wa programu inayouendesha. Mashabiki hujijengea Enzi zao wenyewe kwa kutumia Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D.

Anayetaka nembo ya chama mlangoni huanza na picha ya mraba, tuseme pikseli 512 kwa 512. Kipimo hicho kina sababu. Kompyuta huandaa nakala ndogo za picha, kila upande ukikatwa nusu bila baki: 256, 128, 64, hadi pikseli moja. Mchezaji akiwa mbali huonyeshwa nakala ndogo, hivyo nembo haimetameti ovyo. Nakala hizo zote kwa pamoja huongeza theluthi moja tu ya kumbukumbu. Kila pikseli hubeba nyekundu, kijani, bluu, na namba ya nne inayoamua uwazi: 0 haionekani kabisa, 255 huziba kila kitu. Ndiyo maana picha ya mraba huweza kuonekana duara.

Picha hiyo hubandikwa kwenye bamba bapa mbele ya ukuta, na hapo ndipo wengi hukwama. Bamba likilala sawasawa na ukuta, nembo hukatika vipandevipande na kuchezacheza kila mchezaji anapopiga hatua. Kadi ya grafiki hupima umbali wa kila nukta kutoka kwenye jicho la mchezaji. Vitu viwili vikilingana, makosa madogo ya hesabu huupa ushindi ukuta hapa na nembo pale. Dawa ni kulivuta bamba mbele kidogo sana, au kuiagiza kadi ilihesabu kuwa karibu zaidi.

Ule mchongo nao ni rangi tu: ukingo mmoja huchorwa mng'ao, wa pili kivuli. Taa ya chumba ikitokea upande usiolingana na mchoro, jicho hugundua mara moja.

Ila nembo ya wakaguzi, kama mhuri wa mkaguzi kwenye nyama buchani, ni ahadi. Ukitaka kuibandika, kwanza pita kila mlango, fungua kila fumbo, na uhakikishe mchezaji hatanasa mahali pasipo na njia ya kutokea.