Saratani ya Mlango wa Kizazi Ikirudi Baada ya Mionzi

Leo najibu swali la mama mmoja aliyekuja kliniki hapa Gatuanyaga. Dadake alitibiwa kwa mionzi, kisha damu ikaanza tena, akaambiwa saratani imerudi. Akaniuliza, "Sista, si siku hizi kuna roboti ya kupasua?"

Tuanze na hiyo damu. Mionzi ya nyonga kwa kawaida hukomesha hedhi, hata kwa mama wa miaka 35. Kwa hivyo damu ikitoka miezi mingi baadaye, usiseme mwezi umerudi, ukanunua pedi na kunyamaza. Wakati mwingine ni mishipa iliyodhoofishwa na mionzi yenyewe, lakini huwezi kujua ukiwa nyumbani. Rudi ulikotibiwa. Rudi pia ukiona uchafu wenye harufu, mguu mmoja ukivimba, au kiuno kikiuma hadi mguuni. Saratani hii ikirudi, mara nyingi ni katika miaka 2 au 3 ya kwanza.

Mbona daktari asichome tena? Kwa sababu kibofu na utumbo, majirani wa kizazi, tayari vimepokea mionzi karibu na kiasi vinachoweza kustahimili. Vikiongezewa, vinaweza kutoboka, mama akavuja mkojo au choo ukeni.

Ikiwa saratani iko katikati tu, haijashika kando ya nyonga wala kufika mbali, upasuaji mkubwa unaweza kuiondoa. Aliyeueleza kwanza, mwaka 1948, ni Dkt. Alexander Brunschwig wa New York. Hutolewa kizazi na uke, na mara nyingi kibofu, sehemu ya mwisho ya utumbo, au vyote viwili. Mama hubaki na mfuko tumboni wa kupokea mkojo, pengine na mwingine wa choo. Nasema wazi kwa sababu nimeona familia zikisikia habari hii siku ya upasuaji yenyewe.

Roboti je? Haipasui yenyewe. Daktari huketi kando akitazama picha iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata vidole vyake kupitia matundu madogo. Damu humwagika kidogo na kidonda ni kidogo, lakini kinachotolewa ndani ni kile kile. Tena utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wenye saratani changa waliopasuliwa kwa matundu madogo, wengine kwa roboti, walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo. Hao hawakuwa wa baada ya mionzi, lakini daktari akichagua kufungua tumbo, msidhani amebaki nyuma.

Na mashine ya CyberKnife iliyoko Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mkono wa roboti, ndiyo, ila haikati. Inalenga mionzi.

Yule mama nilimwambia dadake amuulize daktari: Iko katikati tu? Nitabaki na mifuko mingapi? Nani atanifundisha kuibadilisha kabla sijatoka wodini? Na akiambiwa upasuaji hauwezekani, aulizie dawa za saratani na huduma ya kupunguza maumivu siku hiyo hiyo, asingoje mpaka azidiwe.