Karanga za sokoni si mbegu: Mwenye robo eka achague aina gani, na aipate wapi?

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

Mvua za kwanza zinapokaribia mikoa ya kati, karanga sokoni hubadilishwa jina. Gunia lililoitwa karanga mwezi Oktoba huitwa mbegu mwezi Desemba, na bei yake hupanda ingawa ndani ya gunia hakuna kilichobadilika ila umri. Mchuuzi anauza kinachotafutwa. Anayeumia ni mnunuzi, hasa yule mwenye robo eka nyuma ya nyumba au eka moja ya kukodi pembezoni mwa mji, ambaye ameamua kuweka akiba yake katika zao analoamini kuwa halina makeke.

Makeke yapo, na mengi huanzia kwenye mbegu. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuingia mkenge huo huo. Alinunua kilo 40 za karanga zilizobanguliwa, nyekundu na safi kwa macho, kutoka kwa mfanyabiashara aliyeapa kuwa ni mbegu halisi. Wiki mbili baada ya kupanda, mistari ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Zilizoota nazo zilikuwa mchanganyiko: nyingine zikisimama, nyingine zikitambaa. Zile za mapema zilipokomaa na kuanza kuchipua upya ardhini, wenzake bado walikuwa na maua. Mavuno hayakurudisha hata nusu ya gharama. Wa kumdai hakuwepo, kwa sababu risiti haikuandikwa na aina ya mbegu haikutajwa.

Tatizo la karanga za sokoni linaeleweka ukifuata safari yake. Mkulima anazikusanya mnunuzi wa kijijini, anazichanganya na za jirani, zinapelekwa mjini zikichanganywa tena. Ili maganda yabanguke upesi, wengine huyanyunyizia maji kwanza. Mashine nazo huchubua ngozi laini inayofunika punje. Karanga iliyochubuka hukaangwa vizuri tu, lakini ikiwekwa ardhini huoza kabla ya kuchipua. Halafu kuna joto la ghala: punje iliyokwisha toka ganda hupoteza uhai upesi, na miezi mitatu kwenye mfuko wa plastiki juani inatosha kuimaliza.

ANZA NA MNUNUZI

Wengi huuliza kwanza ni aina gani inazaa sana. Kwa mtu wa biashara swali hilo ni la tatu. La kwanza ni nani atanunua, na la pili ni mvua ya kwako inadumu siku ngapi.

Mkaangaji wa karanga za pakiti anataka punje zinazolingana ukubwa, kwa sababu ndogo huungua wakati kubwa bado mbichi. Mwenye kinu cha mafuta hajali sura, anajali mafuta. Msindikaji wa siagi ya karanga anataka ngozi inayotoka kirahisi na punje zisizo na hata harufu ya ukungu. Mama wa nyumbani anayetwanga kwa ajili ya kisamvu au mlenda ana rangi yake aliyoizoea, na hatabadili kwa maneno ya muuzaji. Zunguka kwa wanunuzi wako siku mbili kabla ya kununua mbegu. Nauli hiyo ni rahisi kuliko kuvuna magunia sita ya karanga nyekundu mahali wanapotafuta nyeupe.

Kuhusu mvua, karanga zinagawanyika, kwa lugha nyepesi, katika makundi mawili makubwa. Zipo zinazosimama wima, za muda mfupi, zinazokomaa kwa siku 90 hadi 110. Hizi zinafaa Dodoma, Singida na kwingine ambako mvua hukatika mapema. Kasoro yake ni kwamba punje haina usingizi: ikikomaa na mvua ikaendelea, huchipua humo humo ardhini. Kundi la pili ni la muda mrefu, siku 120 na kuendelea, ambalo mengi yake hutambaa au kutanuka. Punje zake kwa kawaida ni kubwa na huweza kusubiri ardhini bila kuota, lakini mvua ikiaga mwezi Machi, mkulima atavuna maganda matupu. Ziko pia zile zenye punje tatu au nne ndani ya ganda moja, tamu kwa kuchemsha, ambazo majirani zetu wa Kenya na Uganda wanazipenda zaidi.

AINA ZENYE MAJINA

Utafiti wa karanga nchini una makao yake Naliendele, mkoani Mtwara, katika kituo ambacho leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Kituo hicho kilishirikiana kwa muda mrefu na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya mazao ya nchi kame. Nyota ilitolewa mwaka 1983 na Johari mwaka 1985. Mwaka 1998 zikaja Pendo na Sawia. Mwaka 2009 likatoka kundi zima lenye majina ya miji na vijiji vya Kusini: Mnanje, Mangaka, Masasi, Nachingwea na Naliendele.

Pendo ndiyo iliyoenea zaidi, na sababu zake ni za kibiashara. Inakomaa mapema, inang'oleka kirahisi, inabanguka kwa mkono bila kuumiza vidole na sokoni inajulikana. Mwenye bustani ya nyumbani anayeanza hana haja ya kutafuta makuu zaidi ya hapo. Lakini aelewe kwamba Pendo haivumilii ugonjwa wa rozeti. Huu ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari. Mmea hudumaa, majani hujikunja na kuwa ya manjano, na ukishambuliwa ungali mchanga hauzai kitu. Baadhi ya aina za mwaka 2009 zilichaguliwa kwa kustahimili ugonjwa huo, na mahali uliposhambulia msimu uliopita ni busara kuulizia hizo kwanza. Mnanje ni mbegu ile ile ambayo wakulima wa Malawi wanaiita CG 7: nyekundu, ya muda mrefu kidogo, yenye mafuta mengi. Upande wa Uganda, kituo cha Serere kimetoa mfululizo wa aina ziitwazo Serenut, na wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa hukutana nazo mara kwa mara. Kuzila hakuna shida. Kuvusha mbegu mpakani ni suala jingine, lina vibali vyake.

Udongo nao usisahaulike. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukaenea Urambo na Nachingwea, uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa mfinyanzi wa Kongwa, ambao jua likiwaka huwa mgumu kama sakafu, karanga zikabaki humo ndani. Ukichimba kiwanja chako na jembe likagonga kama kwenye saruji, panda kitu kingine. Karanga zinataka kichanga. Aina za punje kubwa zinataka pia chokaa ya kutosha kwenye udongo, la sivyo ganda hujaa hewa.

HESABU YA MBEGU

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 20. Kwa aina zinazosimama, nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo inatoa mashimo 8,000. Punje moja ya ukubwa wa wastani ina gramu 0.4 hivi, kwa hiyo zinatakiwa kilo 3.2. Ikiwa uotaji ni asilimia 80, nunua kilo 4 zilizobanguliwa, au kama kilo 6 zenye maganda. Eka moja ni mara kumi ya hapo. Ikiwa uotaji ni asilimia 50, kama ilivyokuwa kwa mwandishi, kilo hizo 4 zitajaza nusu tu ya kiwanja na zaidi kidogo. Hasara haiishii hapo, maana vidukari hupenda kutua kwenye shamba lenye mapengo, na rozeti hufuata. Kupanda mapema na kubananisha mimea ni dawa isiyouzwa dukani.

Nunua kwa kilo, usinunue kwa debe. Debe la karanga zenye maganda hujazwa hewa kwa urahisi, na kila muuzaji ana namna yake ya kulitikisa. Nunua zenye maganda, ubangue mwenyewe kwa mkono wiki moja au mbili kabla ya kupanda, utupe zilizosinyaa na zilizochubuka.

Kabla ya kulipa zote, omba punje 100. Zifunge kwenye gunia bichi lililoloweshwa, uweke kivulini na kulinyunyizia maji kila siku. Siku ya kumi hesabu zilizochipua vizuri. Chini ya 70, rudisha mzigo au ushushe bei. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

MBEGU IKO WAPI?

Mbegu mama zinatoka kwa watafiti. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, na kampuni chache huzizalisha na kuziuza, na TOSCI ndiyo inayothibitisha. Kifurushi halali kinaonyesha aina, namba ya shehena, asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa. Kuna pia mbegu za daraja la kuazimiwa, zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa vijijini na kukaguliwa. Hizi zina mipaka ya eneo la kuuzia, lakini kwa mtu wa bustani ndizo za karibu na za bei nafuu. Afisa kilimo wa kata anawafahamu wazalishaji hao. Chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, kuuza kama mbegu kitu kisichothibitishwa ni kosa, jambo ambalo wachuuzi wa Desemba hawapendi kukumbushwa.

Kwa nini basi maduka ya pembejeo yamejaa mahindi na si karanga? Kilo 10 za mahindi zinapanda eka nzima na zinaweza kutoa tani moja, yaani mara 100. Kilo 40 za punje za karanga, shamba likitoa kilo 400 zenye maganda, zinarudisha kama kilo 270 za punje: chini ya mara 7. Mbegu ni nzito, ni ghali kuisafirisha na inakufa ghalani. Zaidi ya yote, karanga hujichavusha yenyewe. Mkulima aliyenunua Pendo safi ataweka akiba yake na kupanda msimu wa pili na wa tatu bila kurudi dukani. Kampuni kubwa hazivutiwi na mteja wa namna hiyo.

Hapo ndipo penye nafasi ya mwekezaji mdogo. Mwenye eka mbili safi za aina moja, aliyesajiliwa, ana bidhaa ambayo mtaa mzima unaitafuta Novemba. Gharama yake kubwa ni nidhamu: kung'oa mimea isiyofanana na aina yake wakati wa maua, kuanika juu ya turubai na siyo ardhini, kuhifadhi na maganda kwenye magunia ya katani juu ya mbao. Nidhamu hiyo hiyo ndiyo inayozuia sumukuvu, na soko la nje halina mzaha nalo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Ulaya, kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, ni 4. Unyevu uliobaki kwenye gunia moja unaweza kuangusha shehena nzima.

Bei ya mbegu ni tulivu baada ya mavuno, kuanzia Juni, na mwenye kuulizia wakati huo huchagua. Mwandishi, baada ya fundisho lake, alikwenda kwa jirani mmoja mwezi Julai akachukua kilo 6 za Pendo zenye maganda kwa ajili ya kiwanja cha mita 20 kwa 20. Jaribio lilitoa 86 kati ya 100. Jirani hakutaka fedha. Alitaka arudishiwe kilo 12 mwezi Mei, za aina ile ile, zisizochanganywa, naye atapita mwenyewe kuzikagua zingali shambani.