Afisa Aliyejifanya Mteja: Sheria ya Uvuvi, Mtego na Dhamiri ya Mkristo



Ndugu wapendwa, wengi wetu katika parokia za Ngara na Biharamulo hatuamki tukiliona Ziwa Viktoria mlangoni, lakini tunakula kutoka humo. Sato wa kukaanga tunayemwandaa siku ya Kipaimara, sangara anayepikwa katika hoteli za kando ya barabara iendayo Rusumo, na dagaa wanaopimwa kwa kopo gulioni, kwa sehemu kubwa wanatoka katika mialo ya Chato na Muleba. Ziwa Burigi, lililo karibu nasi zaidi, sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019, wala mtu hawezi kulivua apendavyo. Kwa hiyo namna sheria ya uvuvi inavyosimamiwa ni jambo linalotuhusu, iwe tunavua, tunauza au tunakula.

Swali ambalo waamini hutuuliza mara kwa mara ni hili: je, ni halali mbele ya Mungu afisa wa serikali avae nguo za kiraia, aingie katika hoteli ya ufukweni kama mgeni, aagize samaki, kisha atoe rula na kitambulisho? Wapo wasemao kwamba mjanja hukamatwa kwa ujanja. Wapo wasemao kwamba huo ni unafiki, na kwamba serikali haipaswi kuwadanganya raia wake. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Tutafute, kwa msaada wa mafundisho ya Kanisa, mpaka unapopita.

Sheria inadai nini, na kwa nini

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009, inakataza zana zinazozoa kila kitu, kama vile kokoro na nyavu za timba, na inakataza kabisa sumu na baruti. Katika Ziwa Viktoria hairuhusiwi kuvua sato aliye chini ya sentimita 25 wala sangara aliye chini ya sentimita 50. Katazo haliishii majini, kwa maana humfuata samaki huyo mchanga anaposafirishwa na anapouzwa.

Sababu yake inaeleweka hata kwa mtoto. Samaki anayevuliwa kabla ya kuzaa huondoka na kizazi chake chote. Agano la Kale linajua hekima hii: katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, mtu anayekuta kiota anaamriwa amwache mama ndege aende zake, hata kama atachukua makinda. Maana yake ni kwamba mwanadamu ameruhusiwa kula matunda ya uumbaji, lakini hakuruhusiwa kuikata chemchemi yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato Si' wa mwaka 2015, aliifanya hoja hii kuwa suala la haki: wanaoumia kwanza mazingira yanapoharibiwa ni maskini. Ziwa likiisha samaki, tajiri atahamisha mtaji wake, lakini mama anayekaanga dagaa kando ya mwalo hana pa kuhamia. Kwa sababu hiyo, kuitii sheria hii ni wajibu wa dhamiri, hata pale ambapo hakuna afisa anayetazama.

Kwa nini afisa ajifiche

Wanaotetea ukaguzi wa siri wana hoja nzito. Kokoro huvutwa usiku. Gari la serikali likionekana barabarani, simu hupigwa, na kabla halijafika mwaloni samaki wachanga wamekwisha kufichwa. Zaidi ya hapo, hakuna avutaye kokoro kama hakuna anayenunua. Hoteli inayotaka samaki wa kutosha sahani moja kwa bei nafuu ndiyo inayotuma agizo hadi majini. Kwa hiyo, wanasema, anayetaka kuukata mti aanzie kwenye shina, yaani kwa mnunuzi mkubwa, na huyo hatajulikana ila kwa kumwendea kama mteja.

Taifa letu limewahi kujadili kwa sauti kubwa jinsi sheria inavyoweza kufika hadi mezani. Mwaka 2018, katika kipindi cha Operesheni Sangara, wakati Mheshimiwa Luhaga Mpina akiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, nyavu haramu ziliteketezwa kwa moto na faini zilitozwa kandokando ya ziwa. Mwezi Juni mwaka huohuo maofisa wa wizara walipima kwa rula samaki waliokuwa wakiuzwa katika mgahawa wa Bunge, Dodoma. Wabunge walilalamika, na habari hiyo ilizungumzwa nchi nzima. Wengine waliona fedheha kupimiwa kitoweo. Wengine, hasa watu wa kanda ya ziwa, walisema kwamba kama rula inafika kwenye beseni la mchuuzi, haina sababu ya kukwepa meza ya mkubwa. Hoja hiyo ya pili ni ya haki, nasi tutairudia.

Kujificha, kusema uongo, kushawishi

Hapa tunahitaji kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa.

La kwanza ni kujificha. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapozungumzia uviziaji katika vita vya haki, anafundisha kwamba kumficha adui nia yako si dhambi, ila kumwambia neno la uongo au kuvunja ahadi uliyompa ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inafundisha vivyo hivyo kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Afisa aliyevaa shati la kawaida, akaagiza chakula kilichoandikwa kwenye orodha ya hoteli na kukilipia, hajasema uongo. Ni mteja kweli, na muuzaji hana haki ya kudai kujua kazi ya kila mteja.

La pili ni kusema uongo. Kishawishi hiki ni cha kale. Yapata mwaka 420, mtu aitwaye Konsensio alimwandikia Mtakatifu Augustino akipendekeza kwamba Wakatoliki wajifanye wafuasi wa uzushi wa Prisiliani, ili wawafichue wazushi waliokuwa wakijificha. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima dhidi ya uongo, na jibu lake lilikuwa hapana. Hoja yake ni kwamba tukidanganya ili tuwakamate waongo, tumekubali mafundisho yao kabla ya kuwakamata, na baada ya hapo hakuna atakayejua ni lini tunasema kweli. Toleo la kwanza la Katekisimu, la mwaka 1992, lilieleza uongo kuwa ni kumpotosha mtu mwenye haki ya kuujua ukweli. Katika toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997, maneno hayo kuhusu haki ya msikilizaji yaliondolewa. Kwa hiyo afisa akiulizwa waziwazi kama yeye ni mkaguzi, anaweza kunyamaza au kugeuza mazungumzo, lakini asitunge uongo, wala asighushi nyaraka wala asile kiapo cha uongo.

La tatu, lililo zito kuliko yote, ni kushawishi. Tuseme afisa anafika kwa mwenye mgahawa mdogo ambaye hajawahi kuuza samaki wachanga. Anajitambulisha kuwa ni mwandalizi wa harusi, anataka sato wadogo mia mbili, anaongeza bei mara mbili, anasihi, anarudi siku ya pili na ya tatu. Mama yule, mwenye ada ya shule mezani, anakubali, naye anakamatwa. Afisa huyo hakugundua kosa, bali amelitengeneza. Mafundisho ya Kanisa yanaliita tendo hilo kwazo, yaani mwenendo unaompeleka mwingine katika uovu, na Katekisimu, namba 2287, inasema kwamba anayetumia madaraka yake kwa namna inayowaelekeza wengine kutenda mabaya anabeba hatia ya uovu huo. Ibilisi ndiye ashawishiye kisha ashitakie, na haifai mtumishi wa umma aige kazi yake.

Tuna mfano wa karibu unaosaidia kuliona tofauti hiyo. TAKUKURU hutumia fedha za mtego kumnasa mla rushwa. Mtego huo unakuwa wa haki pale ambapo rushwa imekwisha kuombwa na mwananchi ametoa taarifa. Kosa lilikuwapo tayari, na mtego unalidhihirisha tu. Kipimo ni hichohicho kwa samaki. Anayeagiza kile ambacho tayari kinauzwa anadhihirisha. Anayemshawishi mtu auze asichokuwa akiuza anakwaza.

Dhamiri nne

Kwanza, dhamiri ya afisa. Katika Luka 3:12-14, watoza ushuru na askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakauliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi, bali aliwakataza kutoza kupita kiasi, kudhulumu na kusingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Afisa aliyejificha ana kishawishi kikubwa zaidi cha rushwa kwa sababu hakuna anayemwona. Basi, kazi yake ikishamalizika, ajitambulishe, apime mbele ya mashahidi, na faini aitoze kwa stakabadhi. Na aanzie kwenye hoteli kubwa. Sheria inayovizia beseni la mjane na kuipigia saluti hoteli ya tajiri imepoteza haki yake hata kama kila kifungu kimefuatwa.

Pili, dhamiri ya muuzaji. Aliyeshawishiwa ana sababu ya kuhurumiwa, wala hana sababu ya kujihesabu kuwa hana kosa lolote. Adamu alimsingizia mwanamke, mwanamke akamsingizia nyoka, na wote wawili walitoka bustanini. Lakini sheria nayo inapaswa kutangazwa ili iwe sheria, kama Mtakatifu Thoma anavyofundisha. Kabla ya kumtega mama lishe, afundishwe vipimo kwa lugha anayoielewa.

Tatu, dhamiri ya mtoa habari. Vijana wetu huombwa wawe macho ya serikali mialoni, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinategemea taarifa zao. Kutoa taarifa ya kweli kwa ajili ya mafao ya wote ni jambo jema. Kumtaja jirani kwa sababu ya kesi ya shamba, au kwa kutamani zawadi, ni dhambi dhidi ya amri ya nane, na anayefanya hivyo analazimika kulirudishia jina la mwenzake heshima yake.

Nne, dhamiri ya mlaji, yaani yetu sote. Kamati ya sherehe inapokaa kupanga Jubilei au Kipaimara, hesabu huwa fupi: watu mia mbili, fedha hizi, samaki watoshe. Matokeo yake ni kwamba tunawaagiza samaki wadogo bila kuwataja. Nasi mapadri huketishwa meza ya mbele na kula bila kuuliza. Agizo la namna hiyo linafika majini sawasawa na lile la hoteli ya ufukweni, na kokoro halijui kama limevutwa kwa ajili ya watalii au kwa ajili ya sherehe ya parokia.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zitakapoandaa sherehe ijayo, mtu mmoja apewe kazi ya kwenda sokoni na rula, anunue sato wa sentimita 25 na kuendelea, na kama fedha hazitoshi, tule samaki wachache pamoja na maharage. Mwinjili Yohane, anaposimulia wavu uliovutwa hadi ufukweni mbele ya Bwana Mfufuka, ametuandikia idadi ya samaki, 153, na hakuacha kuandika kwamba walikuwa wakubwa.