Indiketa Zikigoma, Anzia Swichi ya Hazadi

Ni tatizo ambalo mafundi umeme wa magari Arusha wanalifahamu vizuri. Gari ni la zamani, indiketa za kushoto na kulia zimekufa zote, lakini ukibonyeza hazadi taa zote nne zinawaka na kuzima bila shida. Mwenye gari anaambiwa flasha imekufa. Ananunua mpya, indiketa bado kimya. Anaambiwa basi ni stiki ya indiketa kwenye usukani. Ananunua na hiyo, hali ni ile ile.

Hazadi zikiwaka, tayari zimekupa ushahidi: flasha ni nzima, balbu ni nzima na eathi zake zinashika. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutoka mwaka 1984, Hilux za rika hilo au Land Rover One Ten, wa kushukiwa wa kwanza baada ya fyuzi ni swichi ya hazadi iliyo mbele yako pale kwenye dashibodi.

Sababu iko kwenye mpangilio wa waya. Flasha hulishwa umeme kwa njia mbili. Ya kwanza inapita kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa. Ya pili inatoka kwenye betri kupitia fyuzi nyingine, ili hazadi ziwake hata ufunguo ukiwa mfukoni. Anayechagua njia ni swichi ya hazadi. Ikiwa imezimwa, inapitisha umeme wa ufunguo. Ukiibonyeza, inaukata huo, inapitisha wa betri na kuunganisha taa za pande zote mbili. Kwa hiyo kila unapoonyesha kwamba unakata kona, umeme unapita ndani ya kitufe ambacho hukukigusa.

Kutoguswa huko ndiko kunakokiua. Gari linaweza kumaliza miezi hazadi haijabonyezwa, na vile vipande vya shaba ndani ya swichi vikabaki vimekaa pale pale. Udongo unaouzunguka Mlima Meru ni wa volkano, na vumbi lake la kiangazi ni laini kama unga. Gari linalopita Oldonyo Sambu kwenda Ngarenanyuki, au linalopanda Momella kila wiki, linalibeba ndani ya dashibodi. Masika yakifika, unyevu unalikuta vumbi pale, na shaba inaota ukoko. Umeme ukilazimika kupita kwenye ukoko huo, swichi inapata moto na plastiki yake inaanza kulainika. Mzigo wenyewe si mdogo. Kwa gari la volti 12, balbu mbili za wati 21 na kijitaa cha ubavuni cha wati 5 huvuta karibu ampea 4. Hazadi huvuta mara mbili ya hapo.

Kabla hujafungua pochi, washa ufunguo, weka indiketa ya upande wowote, kisha bonyeza na kuachia hazadi mara ishirini hivi. Indiketa zikizinduka, hata kwa sekunde chache, umeshampata mkosaji. Zisipozinduka, kagua fyuzi ya indiketa. Fyuzi ikiwa nzima, chukua multimita: waya mmoja kwenye mguu wa swichi unaoingiza umeme wa ufunguo, mwingine kwenye mguu unaokwenda kwenye flasha, indiketa ikiwa imewekwa. Swichi nzima itasoma chini ya nusu volti. Ikisoma volti kadhaa, umeme unaishia humo. Na kama ni upande mmoja tu uliokufa, achana na hazadi. Tafuta kwenye balbu, eathi au stiki.

Kuitoa hakuhitaji miujiza. Fungua kwanza terminali hasi ya betri. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 10. Fremu ya plastiki inayozunguka swichi itoe taratibu kwa bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Arusha hufanya plastiki kuukuu kuwa ngumu na kukatika kirahisi, hivyo subiri jua liipashe dashibodi. Soketi ivute kwa kushika plastiki yake, usivute waya, na ipige picha kabla ya kuichomoa. Ikiwa miguu ya swichi haijaungua, ipulizie dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ibonyeze mara nyingi, iache ikauke, kisha ijaribu tena. Msasa uweke mbali, maana unakwangua utando mwembamba unaosaidia shaba kushika.

Ikiwa plastiki imeyeyuka au mguu umegeuka rangi kwa moto, nunua nyingine. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe idadi ya miguu, mpangilio wake na namba iliyoandikwa mgongoni. Kwa Toyota, namba ya swichi ya hazadi kwa kawaida huanza na 84332. Sura kufanana hakutoshi. Kagua pia soketi, kwa sababu soketi iliyolegea itaunguza na swichi mpya.

Kuna dawa mbili za gereji za kukataa. Moja ni kuweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya, na ukiikuza, kitakachoungua ni waya. Nyingine ni kuunga waya wa ufunguo na wa betri pamoja ili kuiruka swichi. Indiketa zitawaka, ndiyo, lakini umeme wa betri utarudi nyuma hadi kwenye vifaa vingine vya fyuzi ya ufunguo wakati gari limezimwa, na asubuhi utakuta betri imelala.

Swichi ikishapona, ibonyeze mara chache kila mwezi ili ijisafishe. Na kwenye ukungu wa Ngaramtoni au Usa River, usiendeshe huku umewasha hazadi: zikiwaka, indiketa hazionekani, na anayekufuata hatajua kwamba unataka kukata kona.