Tarehe ya ng'ombe kuzaa: Hesabu ndogo inayookoa maziwa na ndama

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa akiulizwa ng'ombe wake atazaa lini, mara nyingi hutaja mwezi tu. Jibu hilo linatosha kwa mazungumzo na jirani, lakini halitoshi kwa biashara. Kukosea kwa wiki tatu kunaweza kumpotezea maziwa ya kuuza leo, au kupunguza maziwa ya uzao unaofuata.

Mimba ya ng'ombe huchukua miezi tisa na siku kadhaa. Kwa Friesian, Ayrshire na Jersey wastani ni karibu siku 280. Brown Swiss hukaribia siku 290, na ng'ombe wenye damu ya zebu, kama Boran na Sahiwal, nao huchelewa kidogo kuliko Friesian.

Hesabu ya haraka ni hii: kuanzia siku ya kupandishwa, hesabu miezi tisa mbele, kisha ongeza siku tano. Friesian aliyepandishwa Machi 1 hutarajiwa kuzaa Desemba 6. Kwa Brown Swiss ongeza siku 15.

Hata hivyo, tarehe hiyo si ahadi. Ng'ombe wengi huzaa ndani ya siku 10 kabla au baada yake. Kwa hiyo ng'ombe wa mfano huu atazamwe kwa makini kuanzia Novemba 26 hadi Desemba 16. Ndama dume hukaa tumboni siku moja au mbili zaidi kuliko jike, na mapacha huwahi kwa siku kadhaa.

Makosa makubwa hutokea kwenye daftari

Tofauti hizo za maumbile ni ndogo. Kosa kubwa huanza pale tarehe ya kupandishwa isipoandikwa, au ng'ombe anapopandishwa mara mbili na mfugaji asijue mimba ni ya siku ipi. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi, lakini wapo wachache wenye mimba ambao pia huonyesha dalili za joto.

Chukua ng'ombe yule yule. Amepandishwa Machi 1, akapandishwa tena Machi 22. Tarehe ya kwanza inaelekeza Desemba 6, ya pili Desemba 27.

Inashauriwa kuacha kumkamua ng'ombe siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike. Mfugaji akifuata tarehe ya kwanza, ataacha kukamua Oktoba 7. Kama mimba ni ya pili, ng'ombe atapumzika siku 81. Akiwa bado alikuwa akitoa lita tano kwa siku, siku 21 za ziada ni lita 105 ambazo hazikufika sokoni, huku pumba na mashudu yakiendelea kununuliwa.

Kinyume chake ni kibaya pia. Akifuata tarehe ya pili huku mimba ni ya kwanza, ng'ombe atapumzika siku 39 tu. Maziwa ya uzao unaofuata yanaweza kupungua. Na kama alitiwa dawa ya kiwele ya kipindi cha mapumziko, masalia yake yanaweza kubaki kwenye maziwa, hivyo maelekezo ya dawa hiyo lazima yafuatwe kabla ya kuuza.

Pima mimba mapema

Dawa ya utata huo ni kumwita mtaalamu wa mifugo apime mimba kwa mkono miezi miwili hadi mitatu baada ya kupandishwa. Wakati huo umri wa mimba hukadiriwa vizuri zaidi. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano ndama huzama chini tumboni, mkono haumfikii vizuri, na makadirio yanaweza kukosea kwa wiki kadhaa.

Jambo hili linamhusu pia mnunuzi wa mtamba mwenye mimba. Maneno ya muuzaji kwamba "ana miezi saba" yasitoshe kumaliza bei. Aombe kumbukumbu ya kupandishwa au kadi ya uhimilishaji, yenye tarehe na jina la dume. Pasipo karatasi, alipe gharama ya kupimiwa kwanza. Ni ndogo kuliko hasara ya kulisha miezi mitatu mtamba asiye na mimba.

Siku zikikaribia, mwili wa ng'ombe husema zaidi kuliko kalenda. Kiwele hujaa, misuli pembeni mwa shina la mkia hulegea, ute mzito hutoka ukeni na ng'ombe hujitenga. Chupa ya maji ikitokea na saa mbili zikapita bila maendeleo, mtaalamu aitwe. Aitwe pia ikiwa siku 10 zimepita baada ya tarehe bila dalili yoyote. Ng'ombe akitupa mimba mapema, kitoto na kondo visishikwe kwa mikono mitupu, kwani brusela huambukiza binadamu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfugaji, daftari hilo linahitaji mistari minne tu kwa kila ng'ombe: siku ya kupandishwa, siku ya kupimwa mimba, siku ya kuacha kukamua na siku anayotarajiwa kuzaa.