Je, Njia Hujichagua Yenyewe? Kweli na Si Kweli kutoka Kolwezi

Lori la shaba linalotoka Kolwezi na ujumbe wa simu unaotoka mji huohuo vina shida moja: njia iliyokuwa wazi asubuhi huenda ikafungwa jioni. Dawa yake huitwa uelekezaji badilifu, yaani mfumo unaochagua njia upya kila hali inapobadilika. Wanaouza programu za kusimamia malori huusifu sana, na wenye malori huuamini kupita kiasi. Tuyapime madai yao.

"Mfumo hutafuta njia fupi kuliko zote."

Si kweli. Kanuni aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959, ambayo bado inatumika ndani ya mitandao mingi, hutafuta njia yenye gharama ndogo kuliko zote, na gharama hupangwa na binadamu: yaweza kuwa muda, bei au upana wa waya. Baina ya kampuni na kampuni hutumika itifaki ya BGP, iliyobuniwa mwaka 1989, nayo hutanguliza mikataba yao kabla ya umbali. Ndiyo maana ujumbe kutoka mtandao mmoja wa Kongo kwenda mwingine unaweza kuzungushwa Ulaya kwanza, ikiwa mitandao hiyo haina pa kukutania nchini. Vituo vya KINIX mjini Kinshasa na LUBIX mjini Lubumbashi vipo ili kuukata mzunguko huo.

"Kuna mkuu mmoja anayeona kila kitu na kuamuru."

Kwa malori, mara nyingi ni kweli: kuna ofisi moja yenye skrini na simu. Kwa intaneti si kweli. Kila ruta, yaani kifaa kinachopitisha ujumbe, huamua hatua moja tu inayofuata, kwa habari ilizopewa na majirani zake.

"Njia ikikatika, mtandao wote hujua papo hapo."

Si kweli, na dai hili ndilo linaloumiza zaidi. Chukua ruta tatu zilizopangwa mstari mmoja: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Waya kati ya Likasi na Lubumbashi unakatika. Kabla Likasi haijatangaza msiba, inasikia Kolwezi ikisema, "Mimi nafika Lubumbashi kwa hatua 2." Likasi haijui kwamba njia hiyo inapitia kwake yenyewe. Inaamini, inatangaza hatua 3. Kolwezi inasikia, inapanda hadi 4. Likasi 5. Zinadanganyana hivyo bila nia mbaya, na pakiti, yaani vipande vya ujumbe, zinarushwa huku na huku kati yao.

Itifaki ya RIP, iliyosanifishwa mwaka 1988, iliweka ukomo: hatua 16 maana yake hakuna njia. Kwa kuwa ruta zake hupeana habari kila sekunde 30, kufika huko kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Wahandisi waliongeza sharti jingine jema: usimrudishie habari yule aliyekupa. Madereva wanaopigiana simu kuuliza hali ya barabara wangefaidika na sharti hilo pia.

"Lori ni kama pakiti tu."

Nusu kweli. Hesabu zinafanana: mwaka huohuo wa 1959 George Dantzig na John Ramser walichapisha hesabu ya kugawa safari za malori ya petroli. Lakini pakiti ikipotea hutumwa nakala nyingine. Lori halina nakala. Hati zake za forodha zinataja mpaka wa kutokea, kwa hiyo kubadili njia ni kubadili karatasi, na karatasi haziendi kwa kasi ya mwanga. Tena ndani ya lori yumo mtu, anayelala kwenye kibanda, anayenunua maji na chakula kwa fedha ya safari iliyohesabiwa siku. Mfumo usiomhesabu dereva umekosea hesabu tangu mwanzo.

"Programu nzuri itamaliza foleni ya Kasumbalesa."

Si kweli. Kasumbalesa ni mpaka wa Kongo na Zambia, na foleni hupungua pale mpaka unapohudumia malori haraka kuliko yanavyofika. Programu moja ikiwaambia wote wageukie Mokambo, mpaka mwingine na Zambia, foleni itahamia Mokambo. Mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, uliugua hivyohivyo: ulikimbia waya wenye msongamano, ukausonga wa pili, ukarudi wa kwanza, hadi kanuni yake iliporekebishwa mwaka 1987 ili isihamehame kwa pupa.

"Ukiwa na njia mbili, uko salama."

Inategemea, na hapa ndipo ningemtaka kila mwenye malori atulie. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa pamoja, kwa siku chache, kutokana na mgogoro wa biashara ya vinywaji na Kongo. Milango mitatu, kufuli moja. Hakuna programu ambayo ingemsaidia aliyeitegemea milango hiyo tu.

Baharini ni vilevile. Mikongo ya intaneti ya WACS na SAT-3 inavuka korongo lililo chini ya bahari mbele ya mdomo wa Mto Kongo. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa, tope la mto liliporomoka korongoni zaidi ya kilomita 1,100 na kuikata yote miwili. Agosti 2023 ikakatika tena palepale. Na mto huo, huku juu, ndio Lualaba wetu.

Njia mbili zinazokufa kwa pigo moja zihesabiwe moja. Kwa Kolwezi, njia iliyo tofauti kweli ni reli ya magharibi inayopita Angola. Agosti hiyohiyo ya 2024, shaba ya Kongo iliyofika kwa reli hiyo iliondoka bandari ya Lobito kuelekea Baltimore, Marekani, bila kuigusa Kasumbalesa.