Umeme Unaopotea Katika Mota Ndogo: Mfano wa Feni ya Sola

Kaya nyingi zinazotumia umeme wa jua huwasha feni ndogo ya volti 12 usiku kucha. Betri iliyojaa jioni inapozima kabla ya alfajiri, lawama humwangukia aliyeiuza. Kabla ya kununua betri nyingine, tunawashauri watumiaji waichunguze kwanza mota ya feni na nyaya zinazoifikishia umeme.

Idadi ya wati iliyoandikwa kwenye feni ni umeme ambao mota huuchukua, si kazi inayoitoa. Sehemu ya umeme huo hugeuka joto kwa njia tatu: nyaya za shaba zilizozungushwa ndani ya mota huupinga mkondo, chuma chake hupoteza nishati kila sumaku inapobadilika, na mhimili husuguana na beringi. Kwa hiyo mota inayofanya kazi huwa na joto kiasi. Ikiwa haishikiki kwa mkono, upotevu umezidi.

Umeme mwingine hupotea kabla ya kuifikia mota. Feni ya volti 12 na wati 24 huvuta ampea 2. Ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, kwa nyaya za shaba zenye unene wa milimita za mraba 0.75, karibu volti 1 na wati 2 hupotea njiani. Kwa saa 8, kiasi hicho kingetosha kuwasha taa ya wati 5 kwa muda wa saa 3. Nyaya za milimita za mraba 2.5 hupunguza upotevu huo hadi chini ya theluthi moja.

Hatari kubwa zaidi ni mota kukwama. Inapozunguka, mota huzalisha volti yake inayopingana na ile inayoingia, na hivyo mkondo hauzidi. Mapanga yakinaswa na chandarua, upinzani huo hutoweka, mkondo hupanda, na umeme wote hugeuka joto. Mota isiyo na kinga huweza kuungua na kusababisha moto.

Kwa sababu hiyo, tunamshauri mtumiaji:

1. Ahakikishe volti za betri au adapta zinalingana na zilizoandikwa kwenye feni.
2. Atumie nyaya nene, na aifupishe njia yake kadiri inavyowezekana.
3. Aweke fyuzi inayofaa karibu na betri.
4. Aiweke feni mbali na chandarua na pazia, na aizime mara moja ikikwama.
5. Asafishe vumbi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa.

Iwapo betri itaendelea kuzima mapema baada ya hatua hizi, mtumiaji airudishe kwa muuzaji pamoja na risiti na hati ya dhamana. Hapo atakuwa na hoja isiyopingika kirahisi.